Barua kwa mwanangu: Mkatuombee

Dodoma

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Mbukwa! Huku tu wazima, ila upepo wa kipupwe unatutilia mavumbi mpaka kwenye sufuria.

Juzi kwenye simu uliniuliza: "Baba, Mungu si yupo hata huku Mbeya chumbani kwangu? Sasa kwenda kuhiji Mbwanga kwa miguu ni kwa nini, na daladala zipo?" Nilicheka nikabadilisha mazungumzo. Mama yako alikuwa pembeni, akaguna. Basi nakujibu kwa kalamu.

Kwanza, mwaka ule wa Jubilei, 2025, sikusukumwa na imani kubwa. Kaulimbiu ya Papa Francisko ilikuwa "Mahujaji wa Matumaini", jumuiya ikapanga hija, nami mwenyekiti ningebakije nyumbani? Nikaweka mfukoni karatasi yenye maombi saba. La kwanza lilikuwa lako, la ule mkataba wa kazi.

Tulitoka alfajiri, Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo wa Msalaba. Nilikusudia kukaa mbele, karibu na msalaba (uenyekiti huo!). Hatujauacha mji, goti likanirudisha nyuma, nikajikuta na bibi wawili na mtoto anayelilia kubebwa. Wa mbele wako tendo la tatu la rozari, sisi bado la pili. Lakini huko mkiani ndiko watu wanakokusemesha. Walio mbele hutazamwa tu wakipita.

Kijana wa bodaboda akaniambia mkewe yuko leba tangu usiku. "Mzee, mkatuombee." Mama mmoja wa chapati, amejifunga hijabu yake, alitunywesha maji, akakataa hela. "Mungu awafikishe. Na mimi mnitaje. Mwanangu hajanipigia simu tangu Ramadhani." Mlinzi wa geti fulani alisema "na mimi pia", akageuka. Hakueleza neno. Huyo ndiye aliyenikaa moyoni njia nzima.

Miaka yote nilikuwa nimezoea kupeleka shida zangu. Kutumwa sikuwahi. Ukitumwa hata mwendo unabadilika, kama umebeba ndoo ya maji ya jirani.

Zaburi ya 120 mpaka ya 134 zinaitwa nyimbo za kupanda; inaaminika mahujaji waliziimba wakipanda kwenda Yerusalemu. Ile ya 121, "Nitayainua macho yangu niitazame milima", nimeiimba tangu utoto nikidhani mtu anasifu mandhari. Siku ile, goti likiniuma na vilima vya mawe viko mbele yangu, nikamwelewa: yule bwana anaogopa. Milima bado hajaipita. Ndiyo maana anauliza msaada wake utatoka wapi.

Tulifika jua la utosini. Nikapiga goti, moja tu, lile zima. Nikamtaja mwanamke wa leba, nikamtaja mtoto asiyepiga simu, nikamtaja mlinzi ambaye hata jina lake silijui. Nikainuka nikatafuta kivuli. Karatasi ilionekana kesho yake, mama yako alipoloweka suruali.

Kwa hiyo nisamehe, mwanangu. Ombi lako sikulitaja. Mungu yupo chumbani kwako, sibishi. Na mimi chumbani kwangu ningeisoma ile karatasi, maombi yote saba, nikalala.

Mwaka huu tunakwenda tena. Ukipata likizo, njoo tukae mkiani pamoja. Viatu usinunue vipya, vaa vile vilivyokwisha kuizoea miguu yako, na kofia usisahau, jua la Dodoma unalijua. Tarehe ya kuongezewa mkataba niandikie kwa ujumbe. Safari hii nitaikariri.

Bwana akulinde utokapo na uingiapo. Na umpigie mama yako.

Baba yako