Kudaiwa pauni 100 na kampuni ya maegesho Uingereza

Ndugu yangu, barua unayosema imekudai pauni 100 kwa kuzidisha dakika 12 kwenye maegesho ya dukani huko Leicester si faini ya serikali, bali ni dai la kampuni binafsi. Hata hivyo usiitupe, kwani mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliidhinisha dai la pauni 85 la namna hiyo. Angalia tarehe kwanza: kama hukubandikiwa karatasi ya dai kwenye kioo cha gari, sheria ya mwaka 2012 inataka barua imfikie mwenye gari ndani ya siku 14 baada ya kuegesha, la sivyo hawezi kubebeshwa deni la dereva, kwa hiyo andika rufaa bila kumtaja aliyeendesha. Eleza pia kwamba kamera hupiga picha gari likiingia na kutoka, wala haioni dakika gari lilizozunguka likitafuta nafasi.