Miaka Tisa ya Wodi Haifuti Saa za Vitendo

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi mwenye shahada ya kwanza, nina miaka tisa kwenye wodi ya upasuaji. Nataka kusoma uzamili wa uuguzi wa ngazi ya juu ili niweze kuwapima wagonjwa na kuwaandikia dawa mwenyewe. Nimepata chuo kinachotoa shahada hiyo kwa miezi minane, masomo yote kwa mtandao. Wakala wao anasema uzoefu wangu utahesabiwa badala ya mafunzo kwa vitendo, na kwamba shahada yao inatambulika dunia nzima. Malipo ya kwanza yanatakiwa wiki hii. Je, nilipe?

Jibu: Marahaba, dada. Usilipe.

Ningeweza kuishia hapo, lakini hayo maneno kwamba uzoefu utahesabiwa badala ya vitendo yamenichosha kwa miaka mingi, na si mawakala peke yao wanaoyasema. Kila msimu wa udahili napokea barua za aina hiyo kutoka kwa wauguzi wazuri kabisa, watu ambao ningewakabidhi mama yangu akiugua: nimefanya kazi miaka tisa, kumi na miwili, kumi na mitano, naomba nisamehewe vitendo nisome nadharia tu. Wanaamini kwa moyo safi kwamba vitendo ni kurudia wanachokijua. Sivyo.

Nikuonyeshe chati moja. Mwanafunzi wangu wa uzamili, muuguzi wa miaka kumi na mmoja kazini, yuko siku ya pili ya mafunzo wodini. Mgonjwa wake ana siku tatu tangu apasuliwe tumbo. Shinikizo la damu 124 kwa 78, joto 37.4, mapigo ya moyo 88. Kwenye mstari wa upumuaji pameandikwa 20, 20, 20, 20, tangu juzi. Nikamwuliza mgonjwa anaendeleaje. "Anaendelea vizuri, mwalimu." Nikamwomba ashike saa, aweke mkono juu ya kifua cha mgonjwa, ahesabu pumzi dakika nzima bila kusemeshwa na mtu. Akapata 28. Akarudia kuhesabu. 28.

Kwenye NEWS2, mfumo wa alama unaotumika Uingereza kumtambua mapema mgonjwa anayezidiwa, upumuaji wa 25 au zaidi kwa dakika hupewa alama 3, na alama 3 kwenye kipimo kimoja tu inatosha kutaka mgonjwa aangaliwe haraka na mwenye uwezo wa kuamua tiba. Ile 20 iliyonakiliwa tangu juzi hupewa sifuri.

Yule hakuwa mzembe. Wodi yake ndiyo iliyomfundisha, miaka yote hiyo, kwamba mstari ule hujazwa kwa kumtupia mgonjwa jicho kutoka mlangoni. Uzoefu ulimpa mkono mwepesi wa kupata mshipa, ulimpa utulivu usiku wodi ikifurika, na ulimpa ile 20 pia. Ukifanya jambo miaka kumi bila mtu wa kukuuliza "kwa nini?", unalizoea tu, likiwa sahihi au likiwa kosa. Nami nakiri upumuaji ndicho kipimo kinachonitia hasira kuliko vyote, kwa sababu mara nyingi hubadilika mapema kabla ya vingine, na ndicho tunachokidharau.

Halafu kuna jambo kubwa zaidi ya chati. Wodini umezoea kuulizwa umeona nini na umemwarifu nani. Ngazi unayoitaka inauliza mengine kabisa. Huyu mwenye pumzi 28 ana nimonia? Ana donge la damu kwenye mapafu? Mshono wa utumbo umevuja na usaha unajaa tumboni? Au ni maumivu tu, anapumua juujuu kwa kuogopa kidonda? Kila jibu lina njia yake, na ukishika njia moja umeziacha nyingine tatu kwa saa kadhaa. Utaagiza kipimo gani kwanza? Utampa dawa gani, kwa kiwango gani, ikiwa figo zake hazifanyi kazi vizuri? Miaka tisa imekufundisha kutambua kwamba mtu huyu ameharibika na kumwita daktari mapema, na hilo limeokoa watu. Haijawahi kukutaka uchague na kutia saini. Kuchagua unajifunza kwa kuchagua mbele ya mtu anayejua zaidi yako na anayeweza kukuzuia kabla dawa haijamfikia mgonjwa.

Mwaka 1965, muuguzi Loretta Ford na daktari Henry Silver walipoanzisha programu ya kwanza ya namna hii, ya kuhudumia watoto, katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, walioingia walikuwa wauguzi tayari, na bado walifundishwa upya namna ya kumpima mtoto. Marekani hiyohiyo leo, viwango vya kitaifa vya mwaka 2022 vinataka mwanafunzi wa ngazi hii asipungukiwe na saa 750 za kuhudumia wagonjwa ana kwa ana chini ya usimamizi. Saa hizo ziliwekwa kwa ajili ya watu ambao tayari ni wauguzi wenye leseni, watu kama wewe. Waliozipanga walijua kwamba wanaokuja wana uzoefu, na hawakuona kuwa unatosha.

Wala sisemi uzoefu wako ni bure. Vyuo vya kweli vinautaka. Vingi havikupokei bila huo. Vinaweza hata kukusamehe somo la takwimu au la utafiti ulilokwisha kulifaulu mahali pengine. Na kusoma kwa mtandao si dhambi: famakolojia (elimu ya dawa) na patholojia (elimu ya magonjwa) nimezifundisha kwa njia hiyo na wanafunzi wakaelewa vizuri. Ninachokataa ni programu ambayo haina mgonjwa hata mmoja ndani yake.

Kuhusu "kutambulika dunia nzima", dada, hakuna chombo kinachosajili wauguzi wa dunia nzima. Baraza la Kimataifa la Wauguzi, lililoanzishwa mwaka 1899, ni shirikisho la vyama vya wauguzi. Mwongozo wake wa mwaka 2020 unataja uzamili kuwa kiwango cha chini cha elimu kwa uuguzi wa ngazi ya juu, lakini Baraza hilo halitoi leseni kwa mtu yeyote. Leseni hutolewa na mamlaka ya mahali unapokwenda kufanya kazi, na kwa Marekani na Kanada ni kila jimbo na utaratibu wake. Mtu anayekuuzia shahada ya dunia nzima ama hajui kazi hii inavyoendeshwa, ama anajua na anakudanganya.

Vishoka hawa wamezidi, na ndiyo maana nawasemesha na wengine wanaosoma hapa. Januari 2023 mamlaka za Marekani zilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25, katika upelelezi ulioitwa Operation Nightingale, kwa kuuza vyeti na rekodi za masomo za uongo zaidi ya 7,600 kupitia shule tatu za uuguzi za Florida. Kila ninapolisimulia hili kuna anayenijibu kwamba hao wangekwama kwenye mtihani wa leseni. Hawakukwama wote: takriban 2,400 walifaulu, na wengine walikwisha kuajiriwa. Mtihani huangalia unachokijua siku ile. Unachukulia kwamba saa za wodi zimeshafanyika, na hauna namna ya kwenda kuzitafuta zilipo. Mambo yalipofichuka, leseni zikaanza kufutwa, na walionunua wakabaki bila pesa wala kazi. Wagonjwa waliopita mikononi mwao sijui nani atawahesabu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba vishoka wanatumia ukweli wetu kuuzia uongo wao. Utawasikia wakisema utafiti umethibitisha wauguzi wenye shahada wanaokoa maisha. Utafiti upo, wa mwaka 2014, wa hospitali 300 katika nchi tisa za Ulaya, wenye wagonjwa wa upasuaji zaidi ya 420,000: kila ongezeko la asilimia 10 la wauguzi wenye shahada liliambatana na kupungua kwa asilimia 7 kwa uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30. Lakini Umoja wa Ulaya unamtaka muuguzi wa kawaida asome walau saa 4,600, na walau nusu yake ziwe za vitendo. Shahada zilizopimwa pale zilikuwa na wagonjwa ndani yake. Huwezi kutoa wagonjwa ukabaki na ile asilimia 7.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa popote, andikia baraza la wauguzi la mahali unapotaka kufanyia kazi. Ukikiuliza chuo, kitajisifu chenyewe. Waulize kama wanasajili wahitimu wa programu hiyo kwa jina lake kamili, wanataka saa ngapi za vitendo, na nani anatakiwa kuzithibitisha. Kisha kiulize chuo utafanyia vitendo hospitali gani na msimamizi wako atakuwa nani, halafu ipigie hiyo hospitali wewe mwenyewe. Wakala akisema nafasi inafungwa wiki hii, ifungwe.

Na kama umeshamtumia nakala ya leseni yako, liarifu baraza lako leo, kabla hujaanza kutafuta chuo kingine. Nambari ya leseni halali ni mali kwa watu hawa. Wanaweza kumpatia mtu asiyewahi kuingia darasa la uuguzi, akaajiriwa kwa jina lako, na siku akimchoma mgonjwa sindano isiyo yake, atakayetafutwa wa kwanza ni wewe.