Re: Mboga nyingi, alama za usingizi ndogo, nimekosea wapi?

Habari ndugu. Nimekuelewa: wanafunzi wanaokula mboga nyingi zenye antioksidanti (viini vinavyosaidia kukinga seli za mwili zisiharibiwe) wamepata alama ndogo kwenye dodoso la usingizi la Pittsburgh, na unahofia uliingiza data vibaya.

Kabla hujafuta chochote, angalia alama zenyewe zinasomwaje. Zinaanzia 0 hadi 21, na kadiri zinavyopanda ndivyo usingizi unavyokuwa mbaya. Zaidi ya 5 ni usingizi hafifu. Kwa hiyo uwiano hasi ulioupata (mboga zikiongezeka, alama zinapungua) unaonyesha walaji wa mboga wanalala vizuri zaidi. Wengi niliowasaidia uchambuzi hukwama hapo hapo.

Kinachonisumbua mimi ni upande wa chakula. Umewauliza walichokula jana tu, ilhali dodoso la usingizi linauliza mwezi mzima uliopita. Kama bado unawapata, waulize kila aina ya mboga huila mara ngapi kwa mwezi, tena huipikaje: vitamini C nyingi huishia kwenye maji ya kuchemshia, wakati beta-karotini ya karoti (ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A) hufyonzwa vizuri zaidi ikipikwa kwa mafuta kidogo. Jumla ya gramu za mboga peke yake inaficha hayo yote.

Ingiza pia kahawa kwenye uchambuzi, na kama ulikusanya data kipindi cha mitihani, litaje wazi.

Na tafadhali, usiandike kwamba mboga huleta usingizi. Umepima vyote kwa wakati mmoja. Huenda asiyelala vizuri ndiye anayeacha kula mboga.