Kabla ya samasoti, ajue kusimama

Swali: Shikamoo mwalimu. Tunaishi Leicester, binti yangu ana miaka 9. Alialikwa bethidei kwenye ukumbi wa kuruka, na tangu siku hiyo hatupumui: anataka klabu ya trampolini, anataka kupiga samasoti, kule kujipindua hewani. Jirani naye anauza trampolini ya bustanini kwa bei ya kutupa. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mama. Ya jirani iache kwanza hukohuko.

Trampolini ya klabu ni chombo kingine. Kitambaa chake ni mikanda ya nailoni iliyosukwa, kina urefu wa mita 4 na ushei, kimeinuliwa juu ya sakafu zaidi ya mita 1, kimezungukwa na springi tele. Kinarusha kwelikweli. Ndiyo maana somo langu la kwanza si kuruka, ni breki: miguu inapogusa kitambaa, aitanue kidogo, akunje magoti na nyonga, mikono mbele, anyonye ule mrusho ubaki palepale. Akitua na miguu iliyonyooka, kitambaa kitamrudisha hewani apende asipende. Nina mwanafunzi aliyekuja akijigamba kwamba ana samasoti tayari. Nikamwambia aruke tu, kisha nikapaza sauti asimame. Aliruka mara nne zaidi, ya mwisho akatua juu ya springi. Tukaanza upya.

La pili, mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Mzito akitua, kitambaa hushuka. Mwepesi akikikuta kinapanda, hurushwa na nguvu isiyo yake. Trampolini za nyumbani huumiza zaidi namna hiyo, watoto wawili watatu wakiruka pamoja.

Baada ya breki huja kuruka wima katikati, kwenye alama ya msalaba, kisha kukunja magoti kifuani, kugeuka nusu, kutua kwa makalio. Samasoti ni ya miezi mbele, huku kocha akiwa na mkanda wa kumning'iniza au godoro la kumsukumia chini ya miguu.

Ukienda klabuni, uliza kocha ana cheti cha British Gymnastics, shirikisho la jimnastiki la Uingereza, cha ngazi gani, maana anayefundisha mambo ya mwanzo hana ruhusa ya kufundisha samasoti. Uliza pia bima, na utazame kama kuna magodoro kwenye ncha zote mbili.

Avae soksi, vidole vya miguu visinase kwenye matundu. Hereni zibaki nyumbani. Kama amesukwa kwa shanga, zitoe. Zikirushwa zinachapa macho. Hijabu ya kubana, bila pini, haina shida.

Na akimaliza, asiruke kushuka. Akae ukingoni, ateremke taratibu akishika fremu. Miguu iliyozoea kitambaa huisahau sakafu, na vifundo vingi nimeviona vikiteguka hapo, mtoto akikimbilia chupa yake ya maji.