"Damu wameshachukua, acha nile"

Shangazi, shikamoo. Mimi na mume wangu tuna miaka 26 ya ndoa. Yeye ana sukari, na kila baada ya miezi mitatu tunadamka pamoja kwenda kupima damu. Tukitoka tunapitia mgahawa mmoja hapo Ngamiani. Ndiyo siku pekee tunayokula nje sisi wawili. Mara ya mwisho aliagiza supu ya mbuzi, chapati tatu na chai ya maziwa, akasema, "Damu wameshachukua, acha nile." Nikamjibu mbele ya mhudumu: "Chapati tatu! Unataka nibaki mjane?" Mhudumu akacheka. Mume wangu akalipa, akaondoka hajaonja kitu. Sasa anasema kipimo kijacho anakwenda peke yake. Kumjali ni kosa?
Mama wa Chumbageni, Tanga

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na zote mbili nimekwama pale mhudumu alipocheka. Mtu hajatia kitu mdomoni tangu saa mbili usiku, kapanga foleni, katobolewa mkono, kakaa mezani pamba ingali imebanwa kwa plasta, halafu anahesabiwa chapati kama mtoto wa chuoni! Muombe radhi kwa hilo, na usitie "lakini" nyuma yake.

Neno la mumeo nalo, kwamba damu wameshachukua, halina mashiko. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula, kile cha kufunga saa 8 au zaidi, kinaonyesha sukari ya wakati ule tu. Kipo kingine, HbA1c, kinachosoma wastani wa miezi miwili mitatu iliyopita. Hicho hakidanganyiki kwa kufunga usiku mmoja, wala bakuli moja la supu halikiharibu. Muulizeni daktari kama mzee anapimwa hicho. Maana yake, mwanangu, kesi haiko mgahawani. Iko jikoni kwako, zile siku tisini za katikati. Ugali wa usiku nani anaupakua? Nauliza tu.

Mie mwenyewe nilimfungia marehemu kopo la sukari kabatini. Akawa anakwenda kunywa chai kwa jirani, vijiko vinne, na jirani akanitangaza mtaa mzima kwamba namnyima mume.

Kilichonitia hofu zaidi ni kwamba aliondoka na njaa. Kama anatumia vidonge au sindano ya sukari, muulizeni daktari siku ya kipimo azitumie saa ngapi, kabla ya kula au baada. Mtu wa dawa hizo akizitumia kisha akakaa bila chakula, sukari inaweza kushuka, akaanza kutoka jasho na kutetemeka barabarani.

Kwa hiyo ale, tena ale vizuri. Kubalianeni njiani, kabla mhudumu hajafika: supu kila mtu bakuli lake, na ndimu; chapati mbili sahani moja, katikati yenu. Akiona hazitoshi, ongezeni maharage, hayapandishi sukari haraka kama unga mweupe. Chai iwe ya rangi, yenye tangawizi. Na semeni mapema kwamba hamtaki sukari, maana migahawa mingine chai inatoka jikoni imeshakolezwa, ukisema "kidogo" unaletewa sharubati ya moto.

Mkishaagiza, habari za sukari ziishie hapo. Ongeeni habari za watoto, za paa linalovuja, msengenyeni hata huyo mhudumu.

Suala la kwenda peke yake usilibishie. Tarehe imeandikwa kwenye kadi yake. Siku hiyo amka kabla yake, mtolee shati la mikono mifupi, tia dawa zake kwenye mkoba, ujitande kanga yako mkae tayari wewe na mkoba wako mlangoni. Akikuuliza unakwenda wapi, mwambie una hamu ya supu.