Kaka ndiye msimamizi wa mirathi na hati ina jina lake: nyumba ni ya nani?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Baba yetu alifariki 2017 hapa Dar es Salaam. Alikuwa Muislamu na hakuacha wasia. Ametuacha watoto watano, wa kiume wawili na wa kike watatu, pamoja na mama, mke wake pekee. Mwanzoni mwa 2018 kikao cha ukoo kilimpendekeza kaka yetu mkubwa, na Mahakama ya Mwanzo ikamteua kuwa msimamizi wa mirathi. Tangu hapo kimya. Sasa tumegundua ameuza kiwanja cha Chanika kwa milioni 24 bila kutushirikisha. Nyumba ya Mbagala anayokaa, yenye vyumba vitatu vya wapangaji, hati yake imeshageuzwa jina, inasoma lake. Anasema pesa za kiwanja ziliishia kwenye deni la hospitali, mazishi na kuezeka bati. Juzi kaleta karatasi tusaini kwamba kila mmoja amepokea milioni 1 na hana dai tena. Mjomba anasema twende baraza la ardhi. Tuanzie wapi?

JIBU: Pole, dada. Nianze na mjomba: nia yake njema, lakini baraza la ardhi si mlango wenu kwa sasa. Ugomvi wenu si wa mpaka wala wa mvamizi. Ni ugomvi wa warithi na msimamizi ambaye hajafunga mirathi, na mwenye kumuuliza ni mahakama ileile iliyompa barua ya usimamizi. Tena mrithi hawezi kusimama kwa jina lake mwenyewe kudai mali ya marehemu kwa mtu wa nje. Anayefanya hivyo ni msimamizi. Nimeona familia zikizunguka barazani miaka miwili, kisha shauri linatupwa kwa sababu hiyo moja, na wakati wote huo wapangaji wanaendelea kulipa kodi kwa kaka.

Sasa hiyo hati. Kifungu cha 67 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, kinamruhusu msimamizi kuandikishwa badala ya marehemu. Kwa hiyo kubadilishwa jina peke yake si wizi, ni hatua ya kawaida kabla ya mali kwenda kwa warithi. Nendeni ofisi ya Msajili wa Hati mkafanye upekuzi, msome kilichoandikwa baada ya jina la kaka. Kama kuna maneno “msimamizi wa mirathi ya marehemu”, anaishikilia kwa niaba yenu, hata akiitundika sebuleni kwenye fremu. Kama jina limekaa peke yake kana kwamba ni mmiliki, basi kuna hatua imerukwa, na nakala ya upekuzi huo itakuwa ushahidi wenu. Mkiwa hapohapo, ulizeni utaratibu wa kuweka zuio ili nyumba isiuzwe wala kuwekwa rehani mkiwa bado mnahangaika.

Kuhusu kiwanja nitakwambia jambo ambalo halitakufurahisha. Wengi wanaamini kuwa msimamizi akiuza bila saini za warithi, mauzo yamekufa hapohapo. Sivyo. Kazi ya msimamizi ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa kinachobaki, na katika kazi hiyo anaweza kuuza. Ukienda mahakamani na hoja moja tu ya “hakutushirikisha”, utatoka na maneno matupu. Swali linalombana msimamizi ni hili: pesa ziko wapi?

Na hilo alitakiwa awe amelijibu zamani. Kanuni za usimamizi wa mirathi katika Mahakama za Mwanzo, Tangazo la Serikali Na. 49 la 1971, zinampa msimamizi miezi minne tangu kuteuliwa awe amepeleka mahakamani orodha kamili ya mali na madeni kwenye Fomu Na. 5. Baada ya hapo anapeleka hesabu kwenye Fomu Na. 6, kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Kaka aliteuliwa mwanzoni mwa 2018. Jihesabie mwenyewe, labda kama aliomba aongezewe muda.

Tuifanye hesabu ya mgawo hapa, maana kwenu inakaa vizuri ajabu. Nachukulia kwamba babu na bibi wa upande wa baba walishatangulia. Kwa sheria ya Kiislamu mama, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, anapata thumuni, yaani sehemu moja kati ya nane. Zinabaki thumuni saba. Mtoto wa kiume anapata mara mbili ya wa kike, kwa hiyo ninyi wasichana watatu mnachukua thumuni mojamoja, na kaka zenu wawili thumuni mbilimbili. Kabla ya kugawa, gharama za mazishi na madeni halali ya marehemu yanatolewa kwanza, ikiwemo mahari kama mama alikuwa bado anadai. Tuseme kaka analeta risiti za hospitali na mazishi, na zinafika milioni 4 kweli. Milioni 24 inakuwa 20, na thumuni moja ni milioni 2 na nusu. Yeye anakuletea moja, ukafute madai yote, na nyumba ndani yake!

Halafu anataja bati, hataji kodi. Vyumba vitatu vikipangishwa kwa shilingi 40,000 kila kimoja, ni 120,000 kwa mwezi, yaani 1,440,000 kwa mwaka. Hiyo ni mali ya mirathi, si posho ya msimamizi. Gharama ya bati inaweza kukatwa humo, kwa risiti. Waulizeni wapangaji kwa upole wanalipa kiasi gani na tangu lini.

Hatua yenyewe si ngumu. Andikeni barua kwa hakimu mfawidhi wa mahakama hiyo, mkitaja namba ya shauri la mirathi, mkiomba msimamizi aitwe aeleze kwa nini hajawasilisha fomu hizo. Namba ikiwa imepotea, mpeni karani jina la marehemu na mwaka, atafute jalada. Ombeni kulisoma jalada lote. Mara nyingine utakuta mirathi “ilifungwa” zamani na kuna saini zenu ambazo hamzikumbuki, na hapo shauri linabadilika kabisa.

Akiitwa akashindwa kutoa hesabu, au hesabu ikaonyesha amekula, ombeni uteuzi wake utenguliwe. Kanuni ya 9 ya kanuni hizohizo za Mahakama za Mwanzo inamruhusu mrithi yeyote kuomba hivyo pale msimamizi anapokwenda kinyume cha masharti ya uteuzi, au kwa makusudi au uzembe anapoumiza maslahi ya warithi. Msimamizi mpya ndiye atakayemdai kaka pesa, na ikibidi kumshtaki mnunuzi wa Chanika kama itaonekana alinunua akijua kuna hila. Kama hamuaminiani tena ninyi kwa ninyi, si lazima msimamizi atoke ndani ya familia: Kabidhi Wasii Mkuu, yaani ofisa wa serikali wa kusimamia mirathi, kupitia RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), anaweza kubeba usimamizi. Uamuzi usipowaridhisha, rufaa inakwenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Na msikae. Madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12, na kwa ardhi aliyokuwa akiimiliki marehemu saa huanza kugonga siku ya kifo chake.

Mama naye aulizwe kando, kwa utulivu. Kama alitia fedha zake kununua kiwanja cha Mbagala au kujenga, sehemu hiyo anaidai kama mali yake, si kama urithi, na ni vizuri aiseme mapema mbele ya hakimu kabla mgawo haujapangwa.

Ile karatasi ya milioni moja, msiisaini. Kaka akisema ana haraka, mwambieni aiambatanishe na Fomu Na. 6 aipeleke mahakamani, mtaisainia huko.