Muulize Bibi wa Bustani: Miche yanawiri nyumbani, yafa shambani

SWALI: Assalaam aleikum, Bibi. Naishi Mkomani, Lamu, na shamba letu liko njia ya Matondoni. Nilisia nyanya na pilipili hoho ndani ya nyumba kwa sababu nje kuku na mbuzi hawabakishi kitu. Miche ilitoka mizuri, mirefu, ya kijani. Tukaipakia kwenye punda asubuhi, tukaipanda. Kesho yake majani yalikuwa meupe mithili ya karatasi, na siku ya tatu miche yote ilikuwa imekufa. Mume wangu asema mbegu ni mbovu. Nataka kujaribu tena kabla ya mvua za mwaka, yaani masika.
Mama wa Mkomani

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Mbegu mbovu haioti, na yako imeota, kwa hiyo pakiti usiitupe.

Umesema miche ilikuwa mirefu, ukaona ni uzuri. Mche wa nyanya unaorefuka haraka ndani ya nyumba unatafuta mwanga. Nyumba za mawe zilijengwa kumkinga mtu na jua: kuta nene, madirisha machache, na mwanga mwingi unaoingia huja kupitia kiwanda, yaani ule ua wa ndani ya nyumba. Ubaridi huo wa ndani unaifaa mbegu iliyo chini ya udongo, kwani mbegu ya nyanya haihitaji mwanga ili iote, yataka joto la wastani na unyevu. Lakini siku ile shingo ya kwanza inapochomoza, toa chombo chumbani siku hiyohiyo. Kipeleke kiwandani, kando ya ukuta uliopakwa chokaa, maana chokaa hurudisha mwanga na kuufikisha upande ambao jua halifiki. Kizungushe chombo kila siku ili miche isilalie upande mmoja. Kama mnapanda juu kwenye paa la makuti, huko ni bora zaidi, na kuku hawafiki.

Sasa kuhusu yale majani meupe. Jani lililokulia kivulini ni laini na ngozi yake ya juu ni nyembamba. Lamu tuko kama nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta, na mwezi wa Machi jua la adhuhuri husimama utosini. Likilipiga jani la namna hiyo, jani huungua na kupoteza rangi. Juu ya hayo, upepo ulikuwa ukinyonya maji kwenye majani, na mizizi iliyotikiswa njia nzima haikuwahi kuyarudisha. Wewe ulimtoa mche kivulini ukamweka juani saa chache kabla ya adhuhuri. Hakuna mbegu ya bei yoyote ambayo ingestahimili.

Kinachokosekana ni wiki moja ya kuizoesha miche, siku 7 hadi 10 hivi, kabla haijaondoka nyumbani. Watu huhesabu wiki za kitalu kwa uangalifu kisha wiki hii wanairuka, na kwangu mimi hakuna wiki iliyo muhimu kuliko hii. Siku mbili za mwanzo itoe ipate jua la asubuhi, saa moja hadi saa tatu, mahali palipokingwa upepo, kisha irudishe. Siku mbili zinazofuata iache hadi saa tano. Baadaye ishinde nje kutwa, ila saa za adhuhuri uifunike kwa kuti lililosukwa kwa nafasi, lipenyeze vijisehemu vya jua. Siku za mwisho ondoa kuti, na ilale nje pia usiku. Upepo nao uufundishe hivyohivyo, kidogo kidogo. Wengi huogopa jua na kuusahau upepo, ilhali kusi ikianza kuvuma mwezi wa Aprili, upepo wa pwani huua miche mingi, tena umebeba chumvi ya bahari.

Maji yapunguze wiki hiyo, usiyakate. Ngoja udongo wa juu ukauke, uguse kwa kidole, kisha mwagilia asubuhi. Mbolea usitie kabisa, maana mbolea itachipuza majani mapya laini na utarudi ulikotoka. Utaujua mche ulioiva kwa kuushika: bua lake ni gumu, fupi kiasi, na nyanya huingia rangi ya zambarau kwa mbali chini karibu na udongo. Pitisha kiganja juu ya miche yote. Iliyo tayari huinama na kusimama tena hapohapo, isiyo tayari hubaki imelala.

Uangalie na maji unayotumia. Visima vingi vya mjini vina maji ya chumvichumvi. Mnyanya mkubwa huyavumilia kwa kiasi, mche mdogo hauwezi. Ukiona utando mweupe juu ya udongo wa chombo, hiyo ni chumvi. Miche ipe maji ya mvua uliyokinga au maji matamu yatokayo kwenye matuta ya Shela. Mchanga wa ufukweni pia usiutie kwenye udongo wa kusia, na makumbi ya nazi ukiyatumia yaloweke na kuyasuuza mara kadhaa kwanza. Samadi ya punda tunayo tele, Alhamdulillahi, lakini iwe imeoza hadi haina harufu wala haionekani nyasi ndani yake. Mbichi huunguza mizizi na huleta magugu.

Safari: usiitie miche kwenye shogi, kapu la punda, bila kitu. Ipange wima ndani ya boksi, ibanane isiyumbe, uifunike kwa leso iliyoloweshwa. Na muondoke baada ya alasiri, si asubuhi. Ukipanda jioni, mche unapata usiku mzima wa kushika ardhi kabla ya kuliona jua. Mwagia shimo maji kwanza. Nyanya izike hadi karibu na majani ya chini, kwani bua lake hutoa mizizi. Pilipili iweke kina kilekile ilichokuwa nacho. Kisha chomeka kuti moja upande wa machweo kwa ajili ya jua la mchana, na jingine upande wa kusini kwa ajili ya upepo. Siku ya nne au ya tano yaondoe.

Ili uiwahi mvua ya mwaka, sia pilipili hoho mapema Februari na nyanya mwishoni mwa mwezi huo. Nyanya hukaa kitaluni wiki 4 hadi 6, pilipili hukaa 6 hadi 8. Na mumeo msomee jibu hili, kwa upole.

SWALI: Shikamoo Bibi. Niko Malindi. Je, bamia, kunde na mchicha navyo nivianzie kwenye vikopo?
Kijana wa Shella, Malindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hapana. Bamia na kunde zina mzizi mkuu unaoshuka haraka na haupendi kuhamishwa, na mchicha huota wenyewe ukinyunyiza mbegu shambani. Vikopo viachie nyanya, biringanya, pilipili na sukuma wiki. Loweka mbegu za bamia usiku kucha kabla ya kupanda, zina ganda gumu.

SWALI: Bibi, miche yangu ya biringanya inakatika shingoni ingali midogo, inalala mmoja baada ya mwingine. Sioni mdudu.
Msomaji, Langoni

JIBU: Huo ni kinyausi, ukungu wa udongoni. Tazama pale bua linapogusa udongo, utaona pamenywea na kuwa rangi ya kahawia, na mara nyingi miche huanguka kwa kundi, duara linalopanuka. Ulioanguka hauponi. Ung'oe pamoja na udongo wake, uutupe mbali. Iliyobaki iache ikauke juu, ipate hewa, na usiinyunyizie maji jioni tena. Umesia mbegu zimesongamana, nakuhakikishia. Safari nyingine ziachie nafasi ya upana wa vidole viwili, tumia udongo mpya, na chombo cha zamani kisugue kwa sabuni na kukianika juani kabla ya kukijaza.